Raba moja tu, ya mazoezi ya kila siku na ya spidi: kwa milima hii ya Kigoma tununue ipi?

Mgebuka Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kwenye kundi letu la mbio hapa Mwanga, kila akija mgeni swali ni lilelile: nina hela ya raba pea moja, nataka ya mazoezi ya kila siku, halafu siku ya spidi isiniangushe, ninunue ipi? Nimelijibu kwa mdomo mpaka koo limekauka. Leo naliandika, na mwenye hoja tofauti aje nayo.

Msimamo wangu natanguliza. Kama ni pea moja na unakimbilia Kigoma, achana na zenye pleti ya kaboni, ile sahani ngumu iliyofichwa ndani ya sponji, na achana na zile za sponji ndefu laini unazozama kama umekanyaga godoro. Tafuta raba nyepesi isiyo na pleti, sponji yake inarudisha nguvu lakini haibonyei hovyo, soli pana kwenye kisigino, na chini ina mpira wa kueleweka. Basi.

Sababu kubwa ni barabara zetu. Mapitio ya viatu tunayoyaangalia YouTube yanafanywa na watu wanaokimbia kwenye lami tambarare. Hapa ukianzia stesheni ya reli, hujapasha hata misuli umeshaanza kupanda Lumumba, na pumzi huipati mpaka ufike Mwanga. Ukigeuza, kilima kilekile unakishuka. Wengi wanaogopa kupanda, ila kinachoumiza ni kushuka. Kila hatua unafunga breki, kisigino kinatangulia, na mguu mmoja unabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Hapo ndipo sponji ndefu laini inapoanza kuyumba: kifundo kinalalia ndani, unakivuta, kinalalia tena. Ukifika chini mapaja yanatetemeka na hujui kwa nini. Na ukiacha lami ukakata njia za ndani, kiangazi ni vumbi na changarawe, masika ni utelezi.

Uzito nao una hesabu yake. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila kiatu zinakula takriban asilimia moja ya nguvu zako. Kwa hiyo raba ya gramu 220 hadi 260 kwa saizi za kati za kiume inatosha kabisa kwa spidi. Kutafuta ya gramu 180 ni kununua kiatu cha siku ya mashindano kisha ukivae kwenda kununua mkate.

Sasa sponji. Ya kawaida ni EVA, ndiyo iliyo kwenye raba nyingi. Rahisi, ngumu kiasi, inavumilia. Kuna TPU, ile ya punjepunje ambayo Adidas waliitoa mwaka 2013 kwa jina la Boost. Inadumu sana ila nzito. Halafu PEBA, nyepesi na yenye mrusho mkubwa, ndiyo iliyoleta makelele yote tangu Nike watoe Vaporfly mwaka 2017. Siku hizi viwanda vinachanganya PEBA na EVA, na mchanganyiko huo ndio naona unafaa kwa mtu wa raba moja: mrusho upo, kuyumba kumepungua.

Karibuni.

Kaka wa Gungu

Umeeleweka mkuu. Natia nanga hapa nisubiri wajuzi.

Kipara Express

Mgebuka, unawarudisha watu nyuma. Dunia nzima imehamia kaboni. Kipchoge kakimbia marathoni kwa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019, kwa miguu mitupu? Kiptum 2:00:35 Chicago mwaka 2023, kwa raba za kawaida? Kijana wetu Simbu kaleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025. Hao ndio wa kuiga. Kama mtu ana hela yake ya pea moja, si bora anunue iliyo bora kuliko zote?

Mgebuka Mkavu

Mkuu Kipara, iliyo bora kwa kazi gani? Wakimbiaji kama hao siku ya mbio wanavaa cha mbio. Asubuhi za kawaida wanavaa raba za mazoezi, kilomita kwa kilomita. Wewe unataka mtu avae cha harusi shambani.

Tuje kwenye namba. Utafiti uliowapa Nike jina la "asilimia nne" ulifanyika Chuo Kikuu cha Colorado kwa wakimbiaji 18 wenye uwezo mkubwa, wakipimwa kwenye spidi ya kilomita 14 hadi 18 kwa saa. Hapo kweli waliokoa wastani wa asilimia nne ya nguvu. Baadaye watafiti wengine walipima watu kwenye mwendo wa taratibu. Kwenye kilomita 12 kwa saa faida ikashuka hadi asilimia moja na nusu hivi, na kwenye kilomita 10 kwa saa haikufika hata moja, na kuna waliokuwa wanapoteza badala ya kupata. Kilomita 10 kwa saa ni dakika sita kwa kilomita. Kwenye kundi letu hiyo ndiyo spidi ya wengi siku za kawaida, na kwenye kilima cha Lumumba wengi hatuifikii. Unalipa mara mbili ya bei kwa faida ambayo miguu yako haijaifikia.

Na pleti ya kaboni haikunji. Ukipanda mlima unataka kiatu kikunje kwenye vidole, ukanyage, usukume. Kisichokunja kinahamishia kazi kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Siku moja moja sawa. Siku tano kwa wiki, utanitafuta.

Wa spidi kweli, anayekimbia nusu marathoni chini ya saa moja na nusu, anunue cha kaboni kama pea ya PILI. Hapo sina ugomvi naye.

Kipara Express

Hapo kwenye pea ya pili umenipata nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

Binti Ujiji

Naomba msaada kaka zangu. Mimi nakimbia Ujiji kwenda Mwanga na kurudi, asubuhi kabla ya kazi. Ninaumia goko, upande wa ndani, hasa nikiongeza spidi. Raba nilizonazo kisigino ni cha juu sana. Dada mmoja ameniambia nihamie zile za bapa kabisa, eti ndizo za asili. Ni kweli? Na mbona namba za viatu hazieleweki, huku 39 inanibana, kule 39 inanipwaya?

Mgebuka Mkavu

Pole sana dada. Tuanze na hilo la kisigino.

Kila raba ina tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Nike Pegasus, ambayo ipo sokoni tangu 1983, ina milimita 10. Asics Novablast na Saucony Endorphin Speed zina 8. New Balance Rebel ina 6, Hoka Mach ina 5. Za bapa ni sifuri. Kisigino kikiwa juu, kazi zaidi inaenda kwenye goti. Kikiwa chini, inahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Hakuna kinachofuta mzigo. Unachagua tu nani aubebe. Mtu mwenye goti bovu anaweza kufaidika kushuka kidogo. Mwenye kano ya kisigino inayouma abaki juu.

Wewe wa goko, kuruka ghafla kutoka 10 hadi sifuri huku umebadilisha na spidi ni kujitafutia balaa jingine. Punguza kwanza kilomita za spidi wiki mbili tatu, halafu ukibadili raba chukua ya 6 au 8, na uiingize taratibu: siku moja mpya, siku mbili zile za zamani. Maumivu yakiwa kwenye nukta moja ya mfupa, ukibonyeza kwa kidole unaruka, acha kukimbia ukamwone daktari. Hilo si la raba tena.

Kuhusu namba, usiangalie 39 wala 40, angalia sentimita. Kwenye lebo ya ndani ya ulimi wa kiatu utaona US, UK, EU na CM au JP. Mfano wa za kiume: UK 8 ya Nike ni EU 42.5 na sentimita 27, wakati UK 8 ya Adidas ni EU 42 na sentimita 26.5. Namba ni ileile, mguu si uleule. Na za kike namba za Marekani zinapishana na za kiume kwa moja au moja na nusu kutegemea kampuni, kwa hiyo pale mtumbani US 8.5 ya kike na US 8.5 ya kiume ni viatu viwili tofauti kabisa.

Pima jioni mguu ukiwa umevimba. Kanyaga karatasi kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama kidole kirefu kilipoishia, pima kwa rula miguu yote miwili, fuata mkubwa. Ukivaa kiatu, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Sisi wa milimani nafasi hiyo si anasa; ukishuka Lumumba vidole vinasogea mbele, na kucha nyeusi zinaanzia hapo.

Binti Ujiji

Nimepima sasa hivi kwa rula ya mwanangu. Kulia 24.8, kushoto 25.1. Kumbe ndiyo maana wa kushoto unalia peke yake. Asante kaka.

Fundi Katubuka

Mwakeye wote. Mimi ni fundi viatu, raba za wakimbiaji zinapita sana mezani kwangu, nichangie ninachokiona.

Watu wanaangalia juu, kitambaa na rangi. Raba inafia chini. Zinazoletwa kwangu zimekufa kwa namna tatu. Kuna iliyoliwa kona ya nje ya kisigino mpaka sponji imeonekana. Hiyo ni ya mtu anayeshuka milima kwa kuburuta. Kuna iliyokunjika mistari mistari ubavuni kama paji la uso la mzee. Sponji imechoka, hata ukibandika soli mpya unapamba maiti. Na kuna iliyobanduka mbele, soli inapiga makofi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoweza kuiokoa vizuri, maana gundi tu imekata. Naisugua kwa msasa pande zote mbili, napaka gundi, naiacha ikauke kidogo kabla ya kubandika, halafu nashona pembeni. Ila nikishona natoboa, na raba nyepesi ya sponji laini haishiki uzi. Zile za spidi sana zina sponji wazi chini, mpira wamebandika vipande viwili vitatu kupunguza uzito. Kwa lami ya kwao sawa. Kwa changarawe ya Bangwe zinaliwa haraka mno.

Jambo jingine: chini ya raba nyingi za kisasa kuna mfereji katikati, kutoka kisiginoni kwenda mbele. Kokoto inaingia mle inakwama, mtu anakimbia nayo mpaka inatoboa sponji. Kabla hujalipa, geuza kiatu uangalie mfereji huo. Ukiwa mwembamba na wa kina, kwa barabara zetu ni usumbufu.

Kwa mtumba fanyeni hivi. Bonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba: ikirudi mara moja, nzuri, ikibaki na shimo au ikiwa ngumu kama mbao, achana nayo. Weka pea yote juu ya meza bapa, utazame kwa nyuma usawa wa macho. Kimoja kikiinamia ndani kuliko mwenzake, aliyekivaa alikuwa na mwendo wake na utaurithi. Kunja mbele, sikiliza kama gundi inalia. Mwisho toa ile soli ya ndani ya kulalia, angalia chini yake kama kuna ufa. Na kwenye lebo ya ulimi mara nyingi kuna tarehe ya kutengenezwa. Raba inaweza kuonekana mpya kabisa, haijawahi kuvaliwa, kumbe ilikaa stoo miaka minane. Hizo ndizo zinazomeguka kama keki siku ya pili.

Kaka wa Gungu

Fundi hapa umetoa darasa. Na ukinunua "mpya" dukani unajuaje kama si feki?

Fundi Katubuka

Angalia lebo ya kiatu cha kulia na cha kushoto, namba ya aina ya kiatu lazima ifanane na ya kwenye boksi. Ukiingiza namba hiyo mtandaoni ikaleta kiatu cha rangi nyingine au aina nyingine, jibu umepata. Na ishike mkononi. Feki nyingi ni nzito, maana ndani wamejaza sponji ya bei ya chini. Sura wanaiga vizuri sana siku hizi, uzito unawashinda. Kama muuzaji ana mzani wa dagaa jirani, omba.

Mnyamwezi wa Cheyo

Watani zangu wa ziwani, salamu kutoka Tabora. Mgebuka umeandika vizuri ila unawasemea watu wa milima. Kwetu Tabora ni tambarare, hata mlima wa kusingizia hatuna. Tatizo letu ni mchanga. Ukitoka lami kuelekea Kwihara unakanyaga, mguu unazama, unasukuma, nusu ya nguvu inabaki chini. Mimi nilichoona, kwenye mchanga sponji yenye mrusho haina kazi, mchanga wenyewe unakula mrusho wote. Nahitaji kitambaa kisichopitisha mchanga na soli pana. Zile za matundu makubwa ukivua soksi unamwaga kibuyu. Kwa hiyo ushauri wako wa "raba moja" useme wazi ni wa Kigoma.

Mgebuka Mkavu

Mtani, kichwa cha uzi kimesema Kigoma, au Tabora kusoma mnaanzia katikati? 😂

Ila hoja yako naichukua. Na inasaidia hata huku, maana wa kando ya ziwa kule Kibirizi nao wana mchanga wao. Kitambaa cha kufumwa kwa kubana ni bora, japo kinachemsha mguu saa nne asubuhi. Mwenye lami asilimia tisini achukue cha matundu.

Sasa majina, maana naona watu wananifuata inbox wakitaka majina badala ya kanuni.

Adidas Evo SL. Sponji yake ni Lightstrike Pro, ileile familia ya kwenye viatu vyao vya mashindano, ila haina pleti ya kaboni. Nyepesi, na kwa spidi sijaona ya kuishinda kwenye bei yake, dola 150 ilipotoka. Kasoro kwetu ni urefu wa sponji na kisigino kisichoshika sana. Wa kifundo dhaifu asishuke nayo Lumumba kwa fujo.

New Balance Rebel, toleo la 4. Mchanganyiko wa PEBA na EVA, chini kidogo, pana mbele. Kwa mtu mwepesi wa kilo 50 hadi 70 hii ndiyo ningempa nikiwa nimefumba macho. Mzito zaidi ya hapo ataimaliza mapema.

Saucony Endorphin Speed ina pleti, ila ya nailoni, inakunja kuliko ya kaboni. Hii ni ya Kipara na wenzake wanaotaka ladha ya pleti bila kuumia. Ghali: toleo la 4 lilitoka kwa dola 170.

Hoka Mach 6 inashika vizuri na ina mpira wa kutosha chini. Pegasus si ya spidi, lakini ndiyo inayopatikana mtumbani kuliko zote, inavumilia, na mtu wa kilo 85 anayeanza mazoezi hakosei nayo. Novablast ni tamu kwenye tambarare. Kwenye kushuka naiona ndefu.

Dola 150 kwa shilingi ni kama laki tatu na themanini kabla ya usafiri na kodi, kwa hiyo najua wengi tutakutana mtumbani. Matoleo ya nyuma ya miaka miwili mitatu hayana ubaya wowote. Kila mwaka kampuni inabadili rangi na kupandisha namba, mguu haujui.

Ukiipata, ihesabie kilomita. Raba nyingi zinachoka kati ya 500 na 800, na kwa milima hii weka matarajio upande wa 500. Ikilowa matope usiianike juu ya bati. Jua la mchana linakausha gundi na kukakamaza sponji. Jaza magazeti ndani, iache kivulini.

Mzee wa Reli

Vijana, nasoma nacheka. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Kaboni hakuna, hiyo PEBA yenu haijasikika. Miguu kwanza.

Kipara Express

Shikamoo mzee. Ikangaa angepewa Vaporfly ile siku ingekuwaje?

Mzee wa Reli

Marahaba. Angewaacha mbali zaidi. Ila mazoezi ya milima angefanya yaleyale.

Dogo wa Masanga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, nina elfu 60 tu. Naandaa mita 5,000 za mashindano ya shule. Njumu za kukimbilia tutaazimwa, nataka raba ya mazoezi. Nina kilo 54, sentimita 26. Nifanyeje?

Mgebuka Mkavu

Marahaba dogo. Kwa kilo 54 sponji yoyote nzima itakubeba, usisumbuke na majina. Tafuta mtumba wa lebo sentimita 26.5 au 27, ujaribu na soksi utakazokimbilia, nyepesi, unaokunja mbele, mpira chini haujaisha. Mizunguko ya spidi kafanyie pale uwanja wa Lake Tanganyika au kwenye nyasi, mlima uwe wa mbio za taratibu. Usimalize elfu 60 yote, bakiza ya soksi mbili nzuri.

Fundi Katubuka

Dogo, kabla ya kulipa pitia kwangu na kiatu. Mwambie muuzaji unakwenda kukionyesha kwa fundi, akigoma kiache hapohapo. Kukikagua sikutozi. Nikikuta gundi inalegea mbele nakubandikia kwa elfu tatu, na hiyo elfu tatu umkate muuzaji kwenye bei.

Dogo wa Masanga

Kesho saa kumi nikitoka shule nakuja. Upo upande gani wa Katubuka?

Fundi Katubuka

Nakutumia inbox.